Vikapu Vilivyokwenda Vitani

Mwaka ule mvua ilipokataa kuja, wanyama wa nchi ya Tambarare walikuwa na mfalme, waziri, mpiga mbiu na kodi. Kilichokosekana ni maji tu.

Mto ulibaki mchanga mtupu, na vidimbwi vilikauka hadi vyura wakahama bila kuaga. Baraza likakutana na kuamua jambo ambalo mabaraza huliamua kwa nadra sana, yaani jambo la maana. Kichimbwe kisima. Kila mnyama alete kikapu cha chakula kwenye ghala la umma, na chakula hicho kimlishe Mhanga, maana kwa kucha zake yeye ndiye aliyekuwa mchimbaji wa kweli katika nchi nzima. Wengine walileta mtama, wengine mihogo mikavu, wengine kumbikumbi waliokaushwa juani, kwa sababu Mhanga bila kumbikumbi hainui hata kucha moja. Simba, mfalme, naye alilipa kodi yake kama kawaida: aliilipa kwa kutowala walipa kodi.

Kazi ilikwenda vizuri. Mhanga alizama ardhini mpaka yakawa yanaonekana masikio peke yake, kisha hata masikio hayakuonekana. Asubuhi moja akatupa juu bonge la udongo mweusi. Bi Kanga, aliyekuwa na vifaranga wengi na subira kidogo, alilikanyaga akaona limelowa. Aliwaita wanawe wakalidonoa kwa pupa. Kitinda mimba wake, ambaye alikuwa dhaifu tangu siku ya kuanguliwa, alilikumbatia bonge lile kwa mabawa yote mawili akakataa kuliachia.

"Bado kidogo, mama," Mhanga alisema kutoka chini. "Nipeni chakula, nami nitawapa maji."

Ndipo Fisi alipotokea akiwa mbio, ulimi nje, vumbi mwili mzima.

Fisi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ng'ambo. Cheo hicho alikipata kwa sababu hapo mwanzo alikuwa Waziri wa Ghala, na ghala likawa na tabia ya kupungua. Simba, ambaye hakupenda kumwaibisha mtumishi wake, alimhamishia kwenye kazi ambayo haikuwa karibu na chakula. Ng'ambo ilikuwa nyuma ya Kilima Kipara, na hakuna mnyama mwingine wa Tambarare aliyewahi kufika huko, maana kilima kilikuwa na mawe makali na hakikuwa na kivuli.

"Vita!" Fisi alilia mbele ya baraza. "Ng'ambo kunawaka moto! Chui wametoka kusini, wanachinja wakubwa kwa wadogo. Nimetoka kuyaona kwa macho yangu haya."

Wanyama wakashika vifua. Bi Swala alianza kulia papo hapo, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa machozi.

"Mfalme wa Ng'ambo ni Simba mwenzako, Mtukufu," Fisi aliendelea. "Amekaa juu ya majivu anakutaja wewe tu. Anakuita Ngao ya Mbuga Zote."

Simba, ambaye mpaka hapo alikuwa anasinzia, alifumbua jicho moja. "Ananiita nani?"

"Ngao ya Mbuga Zote."

"Huko nyuma hawajasikia. Rudia."

Fisi akarudia kwa sauti kubwa. Kasuku, mpiga mbiu, alilidaka jina hilo akalirusha juu ya miti yote, na jioni hiyo hakukuwa na mnyama katika Tambarare ambaye hakujua kwamba mfalme wake ni ngao. Simba alitembea na kichwa juu mpaka akajikwaa kwenye mzizi.

"Wanataka nini kwetu?" Simba aliuliza.

"Hawataki damu yetu, Mtukufu. Damu wanayo yao. Wanataka chakula tu cha kuwapa nguvu wapiganaji. Tukiwanyima, Chui watawamaliza, na wakiwamaliza wao, watapanda kilima waje hapa. Afadhali tuwalishe wapigane huko kuliko tupigane hapa."

Maneno hayo yalikuwa na sura ya akili, na baraza zima lilitikisa vichwa. Bi Kanga peke yake alinyoosha shingo.

"Mtukufu Mfalme, nawaonea huruma wa Ng'ambo, tena sana. Lakini chakula kilichopo ghalani ni cha Mhanga. Na kisima je?"

Fisi alimgeukia taratibu, kwa sura ya mtu aliyeumizwa. "Wenzetu wanamwaga damu," alisema, "na kuna mama hapa anawaza maji ya kunywa."

Wote walimtazama Bi Kanga. Aliona aibu mpaka manyoya yake yakanyong'onyea, akarudisha shingo yake, ingawa hakuelewa ni kosa gani amelifanya. Sungura alikuwa amekaa karibu naye. Sungura ni mjanja, na siku hiyo ujanja wake ulikuwa wa kufunga mdomo.

Basi ukawekwa utaratibu. Kila mwezi mwandamo wanyama wangebeba vikapu kutoka ghalani hadi chini ya Kilima Kipara. Hapo Simba angepanda juu ya jiwe, Kasuku angemsifu, vikapu vingewekwa chini, na kila mmoja angerudi kwake. Kutoka hapo, Fisi alisema, askari wa siri wangevichukua hadi vitani. Askari hao walikuwa wa siri kweli, maana hakuna aliyewahi kuwaona.

Mhanga alipokosa kumbikumbi alipanda juu ya shimo lake akalala pembeni. Hakugoma, wala hakukasirika. Hakuwa na nguvu tu. Udongo uliolowa ukakauka tena, na vifaranga wa Bi Kanga wakawa wanakwenda kila asubuhi kuchungulia shimo, kisha wanarudi.

Habari za vita zilikuja kwa wingi. Kasuku alizipokea mdomoni mwa Fisi zikiwa bado zina joto, akazitangaza bila kupunguza wala kuongeza, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kufikiri. Mwezi mmoja alitangaza kwamba wa Ng'ambo wanashinda, kwa hiyo michango iongezwe ili ushindi ukamilike. Mwezi uliofuata alitangaza kwamba wameshindwa vibaya, kwa hiyo michango iongezwe ili waokolewe. Mwezi uliofuata huo hawakushinda wala kushindwa, na hilo, Fisi alieleza, ndilo linalokula chakula kuliko yote.

Fisi mwenyewe alikuwa ananenepa. Alipoulizwa, alisema ni majonzi. Wengine wakiwa na huzuni hukonda, yeye kwao wakiwa na huzuni huvimba.

Kidogo kidogo wanyama walianza kunung'unika, lakini kwa kunong'ona, na kila mmoja kwanza akitazama juu ya mti kama Kasuku yupo. "Mimi si kwamba nawapenda Chui," Ngiri alikuwa akianza hivyo kila mara, "ila..." Na akifika kwenye "ila" alikuwa anakohoa na kuondoka. Mwoga wa kuitwa mwoga ndiye mwoga kuliko wote, na Tambarare nzima ilikuwa imejaa hao.

Aliyesema waziwazi alikuwa tena Bi Kanga, na safari hii hakusema habari za vita hata kidogo.

"Mheshimiwa Waziri," aliuliza siku ya baraza, "kikapu changu kiko wapi?"

Fisi alipepesa macho. "Kikapu?"

"Kikapu changu cha ukindu, chenye madoadoa meusi na meupe ukingoni. Nilikisuka mwenyewe. Kilikwenda na mtama mwezi ule wa kwanza."

Hapa lazima ijulikane desturi ya wanyama hao, ambayo walikuwa nayo kabla ya kuwa na mfalme. Kikapu kikienda kwa mwenye shida, hurudi kwa mwenyewe, tena hakirudi kitupu. Aliyefiwa hutia ndani chumvi kidogo. Asiye na chumvi hutia jani la mchicha. Asiye na chochote hutia ua la porini, ilimradi mkono wa aliyesaidia usiingie kwenye kikapu ukakuta upepo. Kumrudishia mtu kikapu kitupu ni kumtukana, na kutomrudishia kabisa ni kumwambia kwamba hamjuani.

"Hata mimi sijaona changu," alisema Ngiri, na safari hii hakukohoa.

"Wala mimi," alisema Bi Swala.

Fisi alikuwa na majibu ya wasaliti, ya waoga na ya wabinafsi, yote tayari. Kwa mama anayeuliza kikapu chake hakuwa na jibu. Alitazama huku na huku, akasema kwamba vikapu viko njiani.

Na kweli vilikuja! Mwezi mwandamo ulipofika, Fisi aliteremka kutoka kilimani na rundo la vikapu mgongoni. Havikuwa vile vyao. Vilikuwa vya msuko mwingine, vimekazwa vizuri, na ukingoni vina utepe mwekundu. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na punje kadhaa za chumvi.

"Vyenu vimechakaa vitani," Fisi alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Mama wa Ng'ambo, katikati ya majivu, wamekaa chini wakawasukia vipya. Nani sasa atasema hawana shukrani?"

Baadhi walilia. Bi Kanga alichukua kikapu chake kipya akakigeuzageuza, akaona ni kazi ya mkono wenye subira kuliko wake. Aliona haya kwa kushuku. Siku hiyohiyo alikijaza mtama wa mwisho uliokuwa nyumbani kwake, ule aliokuwa amewafichia wanawe. Alipoukabidhi chini ya kilima, Fisi aliumwaga kwenye gunia akamrudishia kikapu. "Hiki kaa nacho, mama," alimwambia kwa upole. "Usije ukauliza tena."

Sungura naye alipata kikapu, lakini yeye hakukitazama ukingoni. Alikitazama kitakoni. Mle kwenye msuko, chini kabisa, kulikuwa na punje za mtama zilizonasa. Mtama wa Tambarare ni mwekundu. Huu ulikuwa mweupe. Sungura alitafuna punje moja, ikavunjika kwa utamu wa nafaka mpya.

"Hawa wamekaa kwenye majivu," alijisemea, "na vikapu vyao vimetoka kubeba mtama. Waliubeba kwenda wapi?"

Angeweza kusema hivyo barazani. Lakini alijua Fisi angejibu, Kasuku angetangaza, na yeye angelala siku hiyo akiitwa Chui. Kwa hiyo Sungura alisubiri mwezi mwandamo mwingine ukaribie, akasimama barazani na uso wa msiba.

"Ndugu zangu, mimi leo nina aibu," alisema. "Tumewakosea wa Ng'ambo."

Fisi alichangamka. "Sema, Sungura, sema!"

"Tangu lini pole ikatumwa kwa mkono wa mjumbe? Jirani akifiwa unampelekea chakula, sawa, lakini unakwenda na wewe mwenyewe, unakaa naye chini, unalia naye. Sisi miezi yote hii tumekuwa tukitupa vikapu chini ya kilima na kurudi kulala. Wenzetu watatuonaje? Watasema hawa wana chakula ila hawana utu. Mimi naomba twende wote, kesho kutwa, mwezi ukiandama, tukawape mkono wa pole."

Baraza likavuma. Hilo lilimgusa kila mmoja, maana kwa wanyama wale hakuna sifa mbaya kuliko ya kutokwenda msibani.

"Njia ni hatari!" Fisi alipiga kelele. "Kuna Chui kila jiwe!"

"Ndiyo maana tutakwenda na Ngao ya Mbuga Zote," alisema Sungura. "Au Mheshimiwa Waziri ana wasiwasi na Ngao?"

Simba alinguruma kidogo, kuonyesha kwamba ngao ipo.

"Basi nitangulie," Fisi alisema haraka, "niwaandae wenyeji, wafagie, wapike..."

"Wapike nini, nao wana njaa?" Sungura alimwuliza kwa huruma. "Wewe utakuwa ubavuni mwa Mfalme, Mheshimiwa. Hakuna mwingine anayeijua njia."

Siku ilipofika waliondoka alfajiri. Ghala lilikuwa tupu, kwa hiyo wengi walibeba vikapu vyenye majani makavu na mizizi waliyochimbua njiani. Mhanga alikuja akijikokota. Bi Kanga hakuwa na cha kuweka kwenye kikapu chake chenye utepe mwekundu. Alimweka mle kitinda mimba wake, ambaye alikuwa hawezi tena kusimama, na ambaye mama yake asingethubutu kumwacha peke yake. Kila baada ya hatua chache aliinamisha kichwa kusikiliza kama bado anapumua.

Kadiri kilima kilivyopanda ndivyo Fisi alivyochechemea. Kwanza mguu ulimuuma, kisha tumbo, kisha akakumbuka kwamba siku hiyo haifai kwa safari. Sungura alikuwa nyuma yake akimtia moyo. Walipofika kileleni, jua lilikuwa limesimama vizuri, wakatazama chini upande wa pili.

Hawakuona moshi wala majivu. Waliona nchi kavu kama yao, mto wa mchanga kama wao, na chini ya kilima safu ndefu ya wanyama waliokonda, wamebeba vikapu. Mbele yao Simba mwingine alikuwa amesimama juu ya jiwe akisifiwa na Kasuku mwingine. Kando ya jiwe, akipokea vikapu, alikuwepo Fisi mwingine, mnene mno.

"Ni nani yule?" Simba aliuliza.

"Simfahamu," alisema Fisi. Alikuwa shemeji yake.

Wa Ng'ambo walipoona umati unateremka na nyuso za msiba, waliangua kilio. "Wakimbizi!" walipiga kelele. "Maskini, wametufikia!" Kanga mmoja wa Ng'ambo alitupa mabawa akaja mbio, akamkumbatia Bi Kanga.

"Poleni, dada! Poleni sana na vita!"

"Poleni nyinyi," Bi Kanga alijibu, naye akilia.

"Sisi? Sisi tuna nini?"

"Si mnapigwa na Chui?"

"Chui wako kwenu! Mwaka mzima tunawachangia. Tulikuwa tunachimba kisima, tumekiacha, chakula chote kimekwenda kwenu."

Wakatazamana. Wangeelewana mara moja, wale mama wawili, kama wafalme wasingekuwa wanazungumza karibu yao.

"Pole, ndugu," Simba wa Tambarare alikuwa anamwambia mwenzake kwa majivuno. "Nimesikia umekaa kwenye majivu unalia ukinitaja."

"Nani? Mimi?" Simba wa Ng'ambo aliteremka jiweni. "Wewe ndiye uliyekimbia ukaacha mkia. Nimeshangaa kuona bado unao."

"Unajua unazungumza na nani? Mimi ni Ngao ya Mbuga Zote!"

"Ngao ya Mbuga Zote ni mimi!"

Manyoya ya shingo yakasimama. Sungura alishika kichwa. Alikuwa amepanga kila kitu vizuri isipokuwa kiburi cha wafalme wawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ujanja ulimwishia. Aliogopa kweli.

Mafisi ndio waliopata nafuu. Mguu wa Fisi ulipona, tumbo likapoa. "Si niliwaambia!" alipiga kelele. "Hawa si wa Ng'ambo, hawa ni Chui waliojibadilisha!" Na shemeji yake alikuwa akipiga kelele upande wa pili, "Wamevuka! Wamevamia! Ngao, tuokoe!" Kasuku wawili waliyapokea maneno hayo wakayarusha juu. Nyati wa huku aliinamisha pembe, na nyati wa kule akainamisha zake. Vita ambavyo havikuwahi kuwepo vilikuwa karibu kuanza, na gharama yake ilikuwa imeshalipwa.

"Hicho ni kikapu changu!"

Sauti hiyo ilikuwa kali kama ya mama sokoni, na Bi Kanga ndiye aliyeitoa. Alikuwa amepita katikati ya wale simba wawili na mwanawe kikapuni, bila kuwatazama, akanyoosha bawa kuelekea kwenye kikapu alichobeba Kanga wa Ng'ambo. Kilikuwa cha ukindu, na ukingoni kilikuwa na madoadoa meusi na meupe.

Simba wote wawili walifunga midomo. Mtu anaweza kunguruma mbele ya adui, lakini ni vigumu kunguruma mbele ya wanawake wanaogombea kikapu.

"Chako?" alisema Kanga wa Ng'ambo. "Na hicho ulichobeba wewe, utepe huo mwekundu nimeusuka mimi! Umekitoa wapi?"

"Nimepewa na waziri wetu, Fisi. Amesema ni shukrani yenu."

"Na mimi nimepewa na waziri wetu, Fisi. Amesema ni shukrani yenu."

Kisha vichwa vyote, vyenye pembe na visivyo na pembe, viligeuka kuwatafuta mawaziri.

Mawaziri walikuwa wameshaondoka. Walikuwa wanapanda kilima kwa kasi yote ambayo matumbo yao yaliruhusu, nayo haikuwa kasi kubwa. Mhanga hakuwakimbiza. Alisimama, akainua pua yake ndefu, akavuta hewa, na machozi yakamlengalenga. "Kumbikumbi," alisema. "Nasikia harufu ya kumbikumbi wangu."

Aliwaongoza moja kwa moja hadi kwenye pango lililojificha katikati ya mawe ya Kilima Kipara. Mdomo wa pango ulikuwa mwembamba. Fisi na shemeji yake waliupita kwa urahisi siku ile ya kwanza, walipokuwa wamekonda kama kila mtu. Leo walikuwa wamejaribu kuingia wote wawili kwa pamoja, wamekwama kiunoni, miguu ya nyuma ikipiga hewani. Juu ya migongo yao, kwa ufa mdogo uliobaki, mwanga uliingia ndani na kuonyesha mtama mwekundu na mtama mweupe, mihogo, asali, na kumbikumbi hadi darini.

"Mheshimiwa Waziri," Sungura aliita, ujanja wake ukiwa umerudi, "hii ni nini?"

"Akiba ya vita!" lilisikika jibu kutoka ndani.

"Vita vipi?"

Miguu ya nyuma ilipiga hewani mara mbili tatu.

"Vya baadaye," alisema Fisi.

Walivutwa kwa mikia, na hakuna aliyevuta taratibu. Wafalme wawili walikuwa wamesimama pembeni wakitazama sehemu mbalimbali za anga. Sungura aliona kwamba wakiachwa na aibu hiyo watatafuta wa kumkasirikia, akapanda juu ya jiwe.

"Wanyama wenzangu!" alisema. "Tazameni huku na huku. Mnaona Chui? Hakuna hata mmoja. Ngao zetu mbili zimesimama pamoja, na Chui wamekwisha!"

Kasuku wawili walilipokea hilo pia. Simba wa Tambarare alitafakari, akaona ni kweli, hakukuwa na Chui. "Nilijua haitachukua muda," alisema, na mwenzake akakubali.

Hukumu ilikuwa fupi. Mafisi walikuwa wameahidi mara nyingi kuitumikia nchi hadi jasho la mwisho, wakaambiwa waanze na la kwanza. Waliteremshwa kwenye visima, kila mmoja kwake, wachimbe chini ya amri ya Mhanga hadi maji yatoke. Mhanga alikaa juu ukingoni, leo huku kesho kule, akila kumbikumbi na kuwaelekeza. Walichimba, wakalia, wakakonda, wakachimba, na maji yakatoka.

Lakini kabla hawajaachana pale kilimani, Kanga wa Ng'ambo alimrudishia Bi Kanga kikapu chake chenye madoadoa. Alikuwa ametia ndani mtama mweupe na, katika kifuu cha nazi, maji kidogo aliyokuwa ameyabeba kwa ajili ya njia. Bi Kanga alimnyanyua mwanawe kutoka kwenye kikapu chenye utepe mwekundu, akamnywesha, na alipomwona ameinua kichwa alikaa chini akalia kwa sauti, bila kujali nani anatazama. Kisha akafuta macho akakishika kile kikapu cha mwenzake. Kilikuwa kitupu, na yeye hakuwa na kitu. Akajing'oa unyoya mmoja wa kifuani, wenye madoadoa, akautia ndani ndipo akamrudishia.

Huo ndio msaada pekee uliowahi kufika Ng'ambo.

Fisi ni Fisi, na kiangazi kingine kilipokuja alitokea tena barazani mbio, ulimi nje. Safari hii vita vilikuwa mbali zaidi, nyuma ya kilima cha pili, na vilikuwa vya kutisha. Wanyama walimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha wote kwa pamoja, hata Bi Swala, walisimama wakakung'uta vumbi, wakaenda kuchukua vikapu vyao.

"Mnakwenda wapi?" Fisi aliuliza.

"Kutoa pole," alisema Bi Kanga. "Wewe tangulia, utuonyeshe njia."

Fisi alitazama kilima, akawatazama wao, akasema amekumbuka kwamba huenda wameshapatana.

Simba peke yake ndiye aliyesikitika. Yeye hadi leo anaamini alishinda vile vya kwanza, na alikuwa tayari kabisa kwa vingine.